Jogoo la Shamba na Liwike Mjini

Wahenga walilonga kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Methali hii imefundishwa darasani kizazi baada ya kizazi, ikatahiniwa, ikatungiwa insha, na hatimaye ikaaminiwa hata na wale waliopaswa kuidadisi. Maana yake ya ndani ni bayana: bingwa wa kwao huenda akanywea ugenini. Lakini ile maana ya juu, ya jogoo mwenyewe na mji wenyewe, aghalabu hairejelewi. Mkazi wa Kawangware, Githurai, Kisauni au Nyalenda ana jibu lake kila siku kabla ya alfajiri. Jogoo la shamba linawika mjini, tena kwa sauti ileile ya kijijini, na jirani aliyelala usiku wa manane akisoma hulisikia kwa uchungu.

Swali linalofaa kuulizwa ni jingine: jogoo hilo linawika uani mwa nani, na kwa sababu gani? Msomi wa leo akiulizwa kuhusu kuku, huwa na majibu mawili tu mdomoni. La kwanza ni kwamba kuku ni shughuli ya nyanya kijijini, anayewatupia punje asubuhi na kuwasahau hadi magharibi. La pili ni kwamba kuku ni mradi: vifaranga mia tatu wa nyama, wiki sita za kulisha, hesabu ya faida, kisha vifaranga mia tatu wengine. Baina ya majibu hayo mawili kuna nafasi ya tatu iliyoachwa wazi, nayo ni ya mtu anayefuga kuku wachache uani kwa sababu anawapenda, anawajua mmoja mmoja, anachagua nani ampandishe nani, na anaweka kumbukumbu za uzao wao. Huo ni uraibu. Nchini Kenya uraibu huu haujapewa heshima yake, ilhali bila ya watu wa namna hiyo nchi itapoteza mambo mawili kwa mkupuo mmoja: mbegu za kuku waliozoea mazingira ya hapa, na msamiati wa Kiswahili uliokua pamoja nao.

Kabla ya kuutetea uraibu huu, ni muhimu kukumbuka kwamba kuku ni mgeni wa zamani katika bara hili. Asili yake ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Kusini-mashariki mwa Asia. Utafiti wa mifupa uliochapishwa mwaka wa 2022 uliitaja Ban Non Wat, nchini Thailand, kuwa mahali palipopatikana mabaki ya kale zaidi yanayoweza kuthibitishwa kuwa ya kuku wa kufugwa, yaani kati ya mwaka wa 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Watafiti hao walilihusisha jambo hilo na kilimo cha mpunga na mtama: nafaka ilimvuta ndege kutoka mwituni hadi mlangoni pa mkulima. Kutoka huko kuku alisafiri nchi kavu na baharini hadi akafika Afrika Mashariki, akakaribishwa, akawa mwenyeji. Mwanafunzi wa isimu hahitaji kufukua ardhi ili auone ukaribisho huo. Wakikuyu humwita ngũkũ, Waluhya ingokho, Wakisii engoko, Waganda enkoko, Washona huku, Wazulu inkukhu. Neno linalofanana hivyo kutoka ikweta hadi ncha ya kusini ni ushahidi wa kutosha kwamba ndege huyu aliingia katika maisha ya Wabantu mapema na kwa kina.

Wapo watakaocheka kusikia kwamba kutazama kuku ni kazi ya akili. Historia inawasuta. Charles Darwin aliwajadili kuku kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka wa 1868 kuhusu mabadiliko ya wanyama na mimea inayofugwa na kupandwa, na alitegemea sana maarifa ya wafugaji wa uraibu. Mwaka wa 1902, William Bateson alitumia kuku, hususan maumbo ya panga za vichwani mwao, kuonyesha kwamba kanuni za urithi alizozigundua Mendel katika njegere zinafanya kazi kwa wanyama pia. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alianza kuwatazama kuku akiwa mtoto, akibainisha nani anamdonoa nani na nani anavumilia. Mwaka wa 1922 alichapisha matokeo yake, na dhana ya ngazi ya kudonoana ikaingia katika elimu ya tabia za wanyama. Sembuse kijana wa Kenya aliyelelewa na kuku miguuni?

Basi mfugaji wa uani anatazama nini? Achukuliwe kishingo kwa mfano, yule kuku asiye na manyoya shingoni. Watoto humcheka, na wanunuzi wengine humdhania mgonjwa. Kumbe upara huo wa shingo ni jeni moja tu, nayo humpunguzia ndege manyoya mwili mzima, hivyo akatoa joto kwa urahisi na kustahimili jua la nchi za chini. Kishingo aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja huwa na kitita kidogo cha manyoya mbele ya shingo, na aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huwa na shingo tupu kabisa. Jogoo mwenye kitita akipanda mtetea wa kawaida, takriban nusu ya vifaranga watakuwa vishingo. Wenye kitita wakipandana wao kwa wao, robo watatoka na shingo tupu, nusu na kitita, na robo na manyoya kamili. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayekariri kanuni hizi kwa ajili ya mtihani angeweza kuziona kwa macho yake katika uzao wa msimu mmoja, mradi aangue vifaranga wa kutosha na kuwahesabu kwa uaminifu.

Yupo pia kidimu, ambaye manyoya yake yamejikunja kuelekea mbele kana kwamba amepigwa na upepo. Hapa mfugaji asiyejua huponzwa na tamaa. Akipandisha kidimu na kidimu ili apate vidimu wengi, robo ya vifaranga hutoka na manyoya yaliyojikunja kupita kiasi, membamba, yanayokatika ovyo, na ndege hao huteseka kwa baridi. Mfugaji mjuzi humpandisha kidimu na kuku wa manyoya ya kawaida, akaridhika na nusu. Wapo tena kibwenzi mwenye shungi kichwani, kibutu asiye na mkia, na kuchi wa Pwani, maarufu hasa Lamu, mwenye miguu mirefu, kifua kilichoinuka na mwendo wa askari gwarideni. Kila mmoja wao ni kazi ya karne nyingi iliyofanywa na jua, mwewe, maradhi, njaa na mkono wa binadamu aliyesema, "Huyu asichinjwe, aachwe azae."

Hatari iko wapi? Katika sensa ya mwaka wa 2009, kuku wa kienyeji nchini walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 25, na wa kibiashara takriban milioni 6. Kwa hesabu hiyo, mtu angedhani kuku wa kienyeji hawana haja ya mtetezi. Hata hivyo, wingi si salama. Tangu hapo, vifaranga wa mbegu chotara kama vile Kuroiler, wenye asili ya India, na Sasso wa Ufaransa, wameenea katika masoko na mashamba. Hukua haraka na hutaga mayai mengi kuliko kuku wa kijijini, ambaye kwa kawaida hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka kwa sababu muda wake mwingi hutumika kuatamia na kulea. Jogoo chotara huachiliwa kijijini, akapanda kila mtetea, na katika misimu michache sura za kale zikafifia. Hakuna anayetangaza msiba, maana kuku bado wapo. Kilichotoweka ni ukoo, si idadi.

Kumlaumu mkulima aliyechagua chotara ni kumwonea. Ana karo ya kulipa, na kilo ya nyama haiulizi nasaba. Lakini chotara wana mapungufu ambayo muuzaji hayatangazi. Wengi wao wamepoteza hamu ya kuatamia, kwa hiyo mfugaji hutegemea mashine au humtafuta tena yuleyule mtetea wa kijijini ili amwangulie mayai. Zaidi ya hayo, uzao wa chotara haufuati wazazi. Kizazi cha pili hutawanyika: huyu mkubwa, yule mdogo, huyu mtagaji, yule goigoi. Mkulima hulazimika kurudi dukani kununua vifaranga upya. Hata Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, lilipotaka kuzalisha kuku bora katika kituo chake cha Naivasha, lilianzia kwa mbegu za humu nchini. Kisima hicho kikikauka, watafiti wa kesho watachota wapi?

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika, tena si kwa kusukumizwa. Neno lenyewe "kienyeji" linastahili kuchunguzwa. Limetokana na mwenyeji, mtu wa mahali, mwenye haki ya mahali. Pamoja na asili hiyo tukufu, kwa muda mrefu limebebeshwa dharau: kazi iliyofanywa kienyeji ni kazi iliyoborongwa, na mbinu za kienyeji ni mbinu za asiyejua. Kisha wakazi wa miji wakachoka na nyama laini isiyo na ladha, na ghafla neno likapanda cheo. Leo mikahawa huandika "kienyeji" kwenye mbao zao ili kupandisha bei. Si hayo tu: pameibuka istilahi "kienyeji ulioboreshwa", ambayo mara nyingine hutumiwa kumuuzia mtu kifaranga ambaye wazazi wake hawakuwahi kuwa wenyeji wa kokote hapa. Mwenyeji gani huyo aliyefika jana kwa ndege? Neno lisipolindwa maana yake, hata sheria ya soko haiwezi kumlinda mnunuzi.

Fauka ya hayo, lipo suala la maneno yanayokufa kwa kukosa kutumiwa. Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu hujimudu kwa maneno matatu: kuku, jogoo na kifaranga. Lugha haina ufukara huo. Kuna tembe, kuku jike aliyekaribia umri wa kutaga. Kuna mtetea, na kuna koo, jike aliyekwisha kuzaa na anayewekwa kwa ajili ya mbegu. Kuna pora, jogoo mchanga, na jimbi, ambaye ni jogoo kamili. Kuku hutetea anapotaka kutaga, huatamia, huangua, huchakura, hudonoa. Yai lililoharibika ni viza. Kuku hulala kizimbani, na husafirishwa katika tenga. Maneno haya yamo kamusini, lakini kamusi ni kama ghala: nafaka iliyo ghalani isipopandwa, hatimaye huliwa na fukusi. Mtu asiyefuga hana haja ya kutofautisha tembe na koo, maana kwake wote ni nyama. Anayefuga hulazimika kuwatofautisha kila asubuhi, kwa sababu mmoja anahitaji kusubiriwa na mwingine anahitaji kiota. Ndiyo kusema haja huhifadhi msamiati vizuri kuliko mtihani.

Inashangaza kwamba vyama vya Kiswahili vimetumia makongamano chungu nzima kujadili uundaji wa istilahi za tarakilishi, jambo la busara kabisa, ilhali istilahi zilizoundwa na wafugaji wa Lamu, Kilifi na Kwale karne nyingi zilizopita zinaachwa zizikwe na wazee wanaozijua. Nchini Uingereza, W. B. Tegetmeier alihariri mwaka wa 1865 kitabu cha kwanza cha kuainisha sifa za kila mbegu ya kuku wa maonyesho: rangi, upanga, mkia, miguu, umbo. Wamarekani wakafuata mwaka wa 1874. Vitabu hivyo vilitokana na juhudi za watu wa uraibu, nao walihitaji lugha ya kukubaliana kabla ya kubishana. Kuku wa Afrika Mashariki hawana kitabu cha namna hiyo kwa Kiswahili. Nani atakiandika ikiwa wanaojua kuku hawajui kuandika, na wanaojua kuandika hawajui kuku?

Pingamizi hazikosi, na ni haki kuzijibu. La kwanza ni kelele na uchafu. Ni kweli jogoo hana saa ya heshima. Lakini mtetea hutaga bila jogoo. Jogoo huhitajika tu kwa mayai ya kuangua. Penye nyumba zilizobanana, mfugaji anaweza kuweka mitetea peke yao na kuazima jogoo msimu wa kuzalisha. Uchafu nao ni dalili ya uvivu kuliko dalili ya kuku, kwani matandazo makavu yanayobadilishwa kwa wakati hayanuki, na mbolea yake hustawisha sukumawiki.

La pili ni sheria. Kwa miaka mingi kanuni za mabaraza ya miji ziliutazama ufugaji wa mjini kwa jicho la kengeza. Hali imeanza kubadilika: Nairobi ilipitisha mwaka wa 2015 sheria ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini, nayo inautambua ukulima wa mkazi wa jiji na kuuwekea masharti. Kila kaunti ina kanuni zake, na mwenye nia njema huuliza kwanza katika ofisi husika na kwa mwenye nyumba wake kabla ya kuleta tenga.

La tatu ni maradhi, na hili ndilo zito kuliko yote. Ugonjwa wa Newcastle, uitwao kideri na wafugaji wa Tanzania, uliotambuliwa katika mji wa Uingereza wenye jina hilo mwaka wa 1926, unaweza kufyeka karibu kundi zima kwa siku chache. Hauna tiba, ila una kinga. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko nyingi, hutiwa tone moja jichoni na hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Mfugaji wa uraibu asiyechanja kuku wake si mpenzi wa kuku. Ni mlimbikizaji wa misiba, na misiba yake huvuka ua hadi kwa jirani. Aidha, anapaswa kuwatenga kuku wageni kwa wiki kadhaa kabla ya kuwachanganya na wenyeji, kunawa mikono baada ya kuwashika, na kumwarifu daktari wa mifugo haraka kuku wanapokufa kwa wingi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba hiyo ina hekima ya kitabibu.

La nne husemwa kwa kebehi: kwamba uraibu ni anasa ya walioshiba. Huenda. Lakini mahitaji ya kuanza ni jogoo mmoja na mitetea minne au mitano, kizimba kikavu chenye hewa kisichopenyeka kicheche, vitulio vya kulalia, maji safi, chenga za mahindi, mabaki ya mboga na mchwa inapowezekana. Juu ya hayo, mfugaji anahitaji daftari, na daftari ndilo linalomtofautisha mfugaji wa uraibu na mwenye kuku tu. Humo huandikwa kila koo alitaga lini, mayai mangapi aliatamia, mangapi yaliangua siku ya 21, na ni jogoo yupi aliyekuwa baba. Siku ya 7 mayai humulikwa gizani kwa tochi, na yasiyo na mishipa ya damu huondolewa. Jogoo hubadilishwa kabla hajaanza kuwapanda binti zake, maana kaka na dada wakipandana, kila jeni ya kifaranga chao ina uwezekano wa robo nzima wa kuwa nakala mbili zilizotoka kwa mhenga mmoja. Kasoro zilizojificha ndipo zinapojitokeza: mayai hayaangui, vifaranga hudumaa, na mfugaji huanza kulaumu majicho ya watu.

Yafaa basi vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vijitwike jukumu dogo linalowezekana. Kila mwanachama anaporudi nyumbani likizoni, amketishe nyanya, mjomba au jirani anayefuga na kumuuliza majina ya kuku: kwa rangi, kwa manyoya, kwa umri, kwa tabia, kwa sauti, kwa Kiswahili cha lahaja yake na kwa lugha ya kwao. Maneno yaandikwe pamoja na picha na maelezo ya kuku mwenyewe, wala yasiandikwe peke yake, kwani jina moja huweza kuwa na maana mbili baina ya Vanga na Lamu. Penye uwezekano, atoke na mayai kumi ya koo bora, ayapakie katika pumba na kuyatafutia mtetea aliyekwisha kuatamia. Idara za Kiswahili na zile za kilimo, ambazo mara nyingi hukaa katika chuo kimoja bila kujuliana hali, zingeweza kwa njia hiyo kuandika pamoja kitabu cha sifa za kuku wa Afrika Mashariki. Kitabu hicho hakihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Kinahitaji subira, ambayo kuku huifundisha kwa siku 21 kila mara.

Kuhusu methali iliyotangulia, wanasarufi hupenda kubishana kama isemwe "jogoo la shamba haliwiki" au "jogoo wa shamba hawiki". Ubishi huo ni mtamu na una nafasi yake. Lakini mwana wa mjini ambaye hajawahi kumshika pora mkononi, akasikia moyo wake ukienda mbio chini ya manyoya, atabishana juu ya ngeli ya kitu asichokijua. Uani mkiwa na jogoo, mwana huyo atajua kwanza kinachowika, na upatanisho wa kisarufi utamfuata kama vifaranga wanavyomfuata koo.